Ziwa, wazi, ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kurudia neno katika mashairi ya umbo

Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mchana tunatoa kopi za vyeti na kuchapa barua za kuomba kazi. Jumamosi jioni, tukishateremsha mlango nusu, wapenzi wachache wa mashairi hubaki tukichezea maneno kwenye kompyuta. Maswali ya hapa chini nimeulizwa na wanafunzi, walimu, wateja waliochungulia skrini wakashangaa, na mzee mmoja mvuvi ambaye hadi leo hatujakubaliana. Kabla hujaniambia: ndiyo, hata jina la ukurasa wa namna hii limerudia neno. Mara kwa mara.

Shairi la umbo ni lipi hasa?

Ni shairi ambalo huwezi kumsomea mtu kwenye simu likabaki lilivyo. Ukilitoa kwa sauti nusu yake inapotea, maana nusu hiyo imekaa kwenye karatasi: neno limewekwa wapi, limerudi mara ngapi, wapi pameachwa peupe. Wengine huliita shairi la picha. Nimewahi kumsikia mwalimu akisema "ushairi wa zege", akifuata jina la Kizungu neno kwa neno. Mimi zege nawaachia mafundi.

Yapo ya namna mbili. Kuna yale ambayo sentensi za kawaida hupangwa zikatoa umbo la ndege au la yai. Na kuna yale ambayo maneno ni machache mno, pengine moja tu, linarudiwa mpaka linageuka kuwa kitu cha kutazama. Ukurasa huu unahusu hayo ya pili.

Nani alianza?

Kuchora kwa maneno ni jambo la kale. Simias wa Rhodes, Mgiriki aliyeishi kama miaka 300 kabla ya Kristo, aliacha mashairi yenye umbo la mabawa, shoka na yai. Mwaka 1633 yalichapishwa Uingereza mashairi ya George Herbert, na mojawapo linachora mabawa. Mfaransa Guillaume Apollinaire alichapisha mwaka 1916 shairi la mvua ambalo herufi zake zinateremka ukurasani kama matone kwenye kioo. Hao wote walipanga umbo, lakini kurudia neno hakukuwa ndiyo injini yao.

Injini hiyo iliwashwa miaka ya 1950, karibu kwa wakati mmoja, katika sehemu mbili za dunia. Eugen Gomringer, aliyezaliwa Bolivia mwaka 1925 kwa baba Mswisi na mama Mbolivia, alitoa mwaka 1953 mashairi mafupi aliyoyaita makundi ya nyota. Huko São Paulo, Brazili, ndugu wawili Augusto na Haroldo de Campos pamoja na Décio Pignatari walikuwa na jarida lao tangu 1952, na mwaka 1958 wakatoa ilani. Walitaka neno lifanye kazi kwa maana, sauti na sura kwa mkupuo mmoja. Baadaye, Japani, alikuwepo Seiichi Niikuni, aliyechukua alama ya maandishi inayosomeka "mvua", akang'oa vile vinukta vyake vya matone, akavirudia ukurasa mzima, halafu akaiweka alama kamili chini kabisa mara moja tu.

Makundi ya nyota. Jina hilo nitalirudia nikifika ziwani.

Shuleni tulifundishwa takriri, kurudia neno kwa makusudi. Si ndiyo hiyo hiyo?

Ni ndugu, lakini hawalali chumba kimoja.

Ushairi wetu wa arudhi, ule wa vina na mizani, umejaa marudio. Kibwagizo kinarudi mwisho wa kila ubeti. Katika kikwamba neno moja linafungua kila mshororo. Katika pindu, ambayo wengine huiita mkufu, neno lililofunga ubeti ndilo linalofungua ubeti unaofuata. Yote hayo ni marudio ya sikio, yanayotokea ndani ya muda. Kibwagizo cha ubeti wa saba si kile cha ubeti wa kwanza hata kama herufi ni zile zile, kwa sababu katikati umesikia mambo. Ndiyo maana msikilizaji wa taarabu hupiga kelele zaidi mara ya nne kuliko mara ya kwanza.

Shairi la umbo halina katikati ya namna hiyo. Marudio yote unayaona kwa mpigo, kabla hujasoma hata moja. Jicho haliulizi "kisha?", linauliza "wapi palipo tofauti?" Wapange watoto mia wenye sare moja uwanjani, na mmoja wao awe amevaa viatu vyekundu. Hutawasalimu mia. Macho yako yatakwenda kwenye viatu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sehemu kubwa ya majibu yangu yanatoka humo: rudia mpaka jicho lizoee, kisha vunja. Shairi liko pale palipovunjika.

Nipe mfano wa kuvunja.

Shairi mashuhuri la Gomringer lina neno moja la Kijerumani lenye maana ya kunyamaza. Limeandikwa mara 14 katika mistari mitano, matatu matatu kila mstari, isipokuwa mstari wa katikati ambao una mawili na kati yao pengo. Ukiyatazama, unagundua kwamba yale maneno 14 yote yalikuwa kelele. Kimya kiko pale ambapo hakikuandikwa.

Mjerumani Reinhard Döhl, mwaka 1965 alijaza umbo la tofaa kwa neno "tofaa" likirudiwa bila kupumua. Upande wa kulia, chini kidogo, limejificha neno "funza", moja tu. Wanafunzi wangu wakioneshwa hilo hucheka kwa sauti, halafu wanaanza kulitafuta la pili. Halipo.

Kuvunja kuna njia nyingi: pengo, neno geni moja, herufi moja iliyobadilika, mstari uliosogea, neno lililokatwa na ukingo wa karatasi. Chagua moja. Ukivunja kwa njia tatu kwenye ukurasa mmoja, msomaji atadhani printa imeharibika. Nimeona.

Nirudie neno mara ngapi?

Mara mbili, Kiswahili kitalichukua kama sarufi, nitaeleza baadaye. Mara tatu ni hodi. Anayebisha hodi mara tatu asiitikiwe hugeuza njia, na msomaji naye akiona neno mara tatu anasubiri kitu, mlango ufunguliwe au aondoke. Kuanzia hapo hadi kama mara kumi ni eneo baya: ni mengi mno kuwa hodi, ni machache mno kuwa uwanja. Mashairi mengi yanayoletwa dukani kwangu yanafia hapo. Ama rudi kwenye tatu, ama endelea mpaka jicho liache kuhesabu.

Neno likirudiwa sana si linapoteza maana?

Linapoteza, na hiyo ni sehemu ya mchezo. Sema "kijiko" mara thelathini uone. Mwaka 1962 Leon Jakobovits James aliandika tasnifu yake katika chuo kikuu cha McGill, Kanada, kuhusu jambo hilo. Kwa Kiswahili mimi naliita shibe ya maana: neno limelishwa mpaka limevimbiwa, linabaki sauti na wino. Mshairi wa umbo anangoja hapo hapo. Neno likishavimbiwa unaweza kulitazama kama jiwe, na ndani ya jiwe unaweza kuona kitu ambacho msomaji wa kasi hakioni.

Je, Kiswahili kinafaa kwa kazi hii, au tunaiga tu?

Hapa ndipo ninapopenda kuulizwa. Karibu kila silabi yetu inaishia na irabu. Neno lenye silabi mbili ukilirudia bila kuacha nafasi, unaweza kuanza kulisoma silabi yoyote na ulimi usikwame. Mara nyingine, ukianza katikati, unakuta neno jingine limekaa humo tangu zamani likikusubiri.

Tulianza na ziwa, kwa kuwa tunaliona kila siku.

```
ziwaziwaziwaziwaziwa
waziwaziwaziwaziwazi
ziwaziwaziwaziwaziwa
waziwaziwaziwaziwazi
ziwaziwaziwaziwaziwa
```

Mstari wa pili haukuongezewa herufi yoyote. Ni ziwa lile lile lililosogea silabi moja, likawa wazi. Ukiutazama ukurasa kwa mbali unaona mawimbi, mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka. Ukiusogelea unaona maneno mawili yakipokezana. Nililibandika dirishani, na kijana wa bodaboda aliyekuja kutoa kopi ya leseni akalisoma kwa sauti kuanzia katikati: "Wazi, wazi, wazi." Hakuona ziwa kabisa. Nilipomwonesha, alinidai nimlipe kwa kunigundulia.

Baada ya hapo kila mtu akawa mwindaji. Orodha yetu ya Jumamosi sasa ina *kata* iliyobeba *taka*, *sana* iliyobeba *nasa*, na *lima* iliyobeba *mali*. Hiyo ya mwisho ina utamu wake, maana inategemea umeanzia upande gani. Aliyeanza kwa kulima anakuta mali ndani. Aliyeanza kwa mali anakuta jembe. Mwanafunzi mmoja alileta *raha* kwa furaha kubwa, akaijaza ukurasa mzima, akaenda kumwonesha mama yake. Mama alianzia silabi ya pili. Ijaribu mwenyewe, lakini si mezani.

Maneno ya silabi tatu ni magumu. Samaki nimemzungusha wiki nzima, hakutoa kitu.

Kuna ukumbi wa pili ambao lugha nyingi hazina: ngeli. Mzizi mmoja ukiuvisha viambishi unapata marudio yanayotembea. Hili liliandikwa na mwalimu mmoja wa msingi, dakika tano, nyuma ya risiti:

```
mtu
mtu na kitu
watu na vitu
vitu na watu
vitu na vitu
vitu tu
tu
```

Herufi mbili za mwisho zimekuwepo tangu mstari wa kwanza, zikijificha nyuma ya *m*. Mwisho zinabaki peke yake, na unaweza kuzisoma kama "basi, hakuna zaidi", au kama "sisi tupo". Tulibishana kwa saa nzima ni ipi. Mwandishi alikataa kusema.

Kwa nini ulisema kurudia mara mbili ni sarufi?

Kwa sababu Kiswahili tayari kinarudufisha maneno kila siku, na kila rudufu ina kazi yake. *Maji* ni maji; kitu cha *majimaji* kina unyevunyevu tu. *Juu* ni kileleni. Ukisoma kitabu *juujuu* hukukisoma. *Mbali* ni safari; vitu *mbalimbali* vinaweza kuwa kwenye meza moja. Anayecheka ana sababu, anayechekacheka tunamwangalia mara mbili. Wakati mwingine rudufu inakaza badala ya kulegeza: *leo leo* haina kesho ndani yake. Na *wawili wawili* inapanga watu foleni.

Kwa hiyo ukiandika "maji maji" ukitaka maji mengi, msomaji anaweza kusikia uji mwepesi, au akakumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mshairi wa Kijerumani hana tatizo hilo. Wewe unalo, na ni mali. Amua kama unataka maana ya rudufu ije au isije, kisha tumia nafasi, mstari au umbali kuionesha. Maneno mawili yaliyogusana ni rudufu. Yakiwa pembe mbili za karatasi, ni mawili.

Lile shairi la mita sita lilikuwaje?

Nimeulizwa hili na watu ambao hata hawapendi mashairi, basi nilieleze vizuri.

Ziwa Tanganyika kina chake cha juu kabisa ni kama mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi. Sisi tulio ufukweni tunalijua kwa upana: unauona kwa jicho, milima ya Kongo ng'ambo ile. Kina hatukioni. Kwa hiyo tukaamua kukiandika: neno *maji*, mstari mmoja kwa kila mita moja, mistari 1,470 kwenda chini.

Kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, mistari sita huingia kwenye inchi moja. Ukipiga hesabu unapata utepe wa mita 6.2. Tulichapa karatasi 26 za A4, tukakata pembezoni kwa kisu cha karatasi, tukagundisha kwa gundi ya maji. (Usitumie gundi ya maji. Viungo vilikunjamana kama uso wa mtoto anayetaka kulia.)

Lakini maji mara 1,470 ni uwanja tu, bado si shairi. Pa kuvunjia alitupa mwanafunzi wa sayansi. Maji ya ziwa hili ya juu na ya chini hayachanganyiki. Hewa ya oksijeni inaishia karibu na juu, kama mita 100 upande wetu wa kaskazini na karibu 200 upande wa kusini. Chini ya hapo samaki hawaishi. Basi katika mistari 100 ya kwanza tukabadilisha maji 40 kuwa *samaki*, bila mpangilio, wengi juu na wachache wakishuka. Kuanzia mstari wa 101 ni maji, maji, maji hadi mwisho. Neno samaki linakwisha kabla hujatembea nusu mita. Baki yote, karibu mita 5.8 za karatasi, hakuna kilicho hai.

Tuliutandaza barazani ukatoka hadi chini ya mwembe. Upepo wa ziwa ulipoanza kuunyanyua tukaubana kwa mawe. Ndipo binti mmoja, akiwa ameinama, akasema, "Mawemawemawe. Angalieni, ni wema." Orodha ikaongezeka.

Mzee niliyemtaja mwanzoni alipita akitokea Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona mnaniambia maji, maji, maji? Nilisikia ya kwanza."

"Tembea nayo kidogo, mzee."

Alitembea. Pale samaki walipoishia alisimama, akarudi hatua moja, akasoma tena. Akasema tumekosea: tumeandika samaki tu, dagaa hatukuwataja, mgebuka hatukuwataja, na mtu anayesema "samaki" tu hajawahi kuingia majini. Halafu akaendelea mpaka mwisho wa utepe, taratibu, mikono nyuma. Akageuka akatuangalia kutoka kule.

"Huku wavu haufiki," akasema.

Bado anasema ile ni hesabu, si shairi. Kuhusu dagaa na mgebuka nimemkubalia. Toleo la pili litawataja.

Na lile la taa?

Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza. Taa zinawavuta dagaa juu, wavu unapandishwa. Ukisimama mahali pa juu mjini unaona mstari wa nuru ziwani kama mji mwingine umeota huko. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, na wavuvi wanapumzika. Dada mmoja anayeuza dagaa sokoni aliandika kurasa mbili. Ya kwanza:

```
   taa      taa  taa
taa    taa          taa
     taa   taa  taa
  taa           taa
```

Ya pili ina neno moja katikati, *mbalamwezi*, na peupe pote. Akaeleza: "Ukurasa wa kwanza nina hela. Wa pili nakopa." Gomringer alipoita mashairi yake makundi ya nyota hakuwa na habari za Kigoma, lakini angeelewa ukurasa wa kwanza mara moja. Wa pili angehitaji kuelezwa.

Kompyuta inanipigia mistari myekundu chini ya kila neno. Nifanyeje?

Puuza. Programu ya kuandikia imefundishwa kwamba neno likijirudia ni kosa la mkono, na inajitolea kufuta la pili. Ya kwangu niliizima ukaguzi wa tahajia na kusahihisha kwenyewe.

Niliizima baada ya kuumia. Zamani, kabla sijawa na printa yangu, nilipeleka shairi kwenye duka la watu likachapwe: neno *subiri* mara 60, na mstari wa kumi umeachwa mtupu. Niliporudi jioni nilikuta karatasi nzuri, safi, yenye neno *subiri* mara moja. Aliyechapa alinieleza kwa upole kwamba nilikuwa nimerudiarudia bila kujua, na ameshanisaidia. Alinitoza bei ya ukurasa mmoja. Siku hizi ninapopokea kazi ya mtu yenye marudio, nauliza kwanza.

Nitumie herufi za aina gani?

Zile ambazo kila herufi ina upana sawa, kama Courier, ambapo *i* inachukua nafasi sawa na *m*. Bila hivyo nguzo zako zitapinda. Kwenye A4 yenye pambizo za sentimita 2.54 utapata herufi 62 kwa mstari, yaani *taa* 15 zenye nafasi katikati, na zinabaki tatu za kupumulia. Taipureta hufanya hivyo kwa kuzaliwa. Dom Sylvester Houédard, mtawa wa Kibenedikti huko Uingereza, alitengeneza kazi zake maarufu kwa Olivetti. Kama babu yako ameacha taipureta stoo, usiiuze kwa wanaonunua chuma chakavu mpaka uipitishie karatasi.

Nikilituma WhatsApp linavurugika.

Weka vile vialama vitatu vidogo vya mshazari (```) mwanzoni na mwishoni mwa ujumbe. Herufi zitakuwa na upana sawa. Lakini simu ya mpokeaji ikiwa nyembamba mistari itakatika tu. Piga picha utume picha. Kwenye kurasa za intaneti ni mbaya zaidi: ukipiga nafasi kumi, inabaki moja.

Naweza kuliandika kwenye mtihani?

Hapana. Ukiambiwa tunga shairi la kimapokeo, hesabu mizani zako nane kwa nane, tafuta vina, uondoke na alama. Hili lifanyie daftari la nyuma.

Kuna mashairi ya umbo ambayo tayari tunayo bila kuyaita hivyo?

Kanga. Jina la kanga limekaa pale chini, ndani ya fremu yake, na pindo linaizunguka kama ukuta. Tena kanga huuzwa doti, vipande viwili vyenye jina lile lile. Kimoja kinafungwa kiunoni, kingine kinatupwa begani au kichwani. Jina ni moja, limesemwa mara mbili, lakini la kiunoni linasomwa na anayetembea nyuma, la begani pengine limekunjwa limebaki nusu. Mwanamke anajua ni nusu ipi ameiacha ionekane. Sijaona pengo lililopangwa vizuri zaidi ya hilo katika kitabu chochote.

Linaweza kumkera mtu? Ni neno tu limerudiwa.

Linaweza. Gomringer ana shairi la Kihispania la mwanzoni mwa miaka ya 1950 lenye nomino nne tu: njia, maua, wanawake, na mwisho anatokea mtu mmoja anayevutiwa. Nomino tatu za kwanza zinajirudia, zikiunganishwa kwa "na". Liliandikwa ukutani kwa chuo cha Alice Salomon, Berlin, tangu 2011. Wanafunzi wakalalamika kwamba linawaweka wanawake kwenye foleni moja na maua, watazamwe na mwanamume. Mwaka 2018 chuo kikaamua ukuta upakwe upya, na Wajerumani wakagombana magazetini. Mimi naona wote walisoma vizuri. Neno "na" likirudiwa vya kutosha linafanya vitu viwe sawa, uwe ulikusudia au hukukusudia. Angalia viunganishi vyako.

Mwisho wa yote, hili ni shairi kweli?

Swali hili lina mvi. Miaka ya 1970 wanamapokeo na wanamabadiliko waligombana kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974. Leo mashairi huru yanafundishwa darasani. Sina haja ya ushindi wa haraka. Nikiwa na mzee wangu mvuvi namwachia neno lake, hesabu, kwa sababu alitembea mita sita akilisoma.

Nianzie wapi?

Chukua neno la silabi mbili ulilolitumia leo asubuhi. Liandike mara 15 kwa mstari mmoja, bila nafasi. Lisome kuanzia silabi ya pili. Likikunyima, chukua jingine. Likikupa, usimwambie mtu; libandike mahali watu wanapita, ukae pembeni usikilize wanaanzia wapi.